Kutoka mwisho wa reli kwenda ugenini, na kurudi na mipira: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na mashabiki wa Kigoma

Ukurasa huu ni wa matawi na vikundi vya mashabiki vya Kigoma Mjini, Ujiji, Uvinza, Kasulu na Kibondo vinavyosafiri kuifuata timu, iwe Mashujaa, Simba, Yanga au nyingine. Una sehemu mbili, safari za ugenini na misaada ya wachezaji, na hazikuwekwa pamoja kwa bahati. Basi linalopeleka mashabiki Dar es Salaam hurudi na nafasi kwenye buti, na kwa mkoa wetu hakuna usafiri wa bei rahisi kuliko huo wa kuleta mipira, njumu na nyavu. Kikundi kinachojua kupanga safari kimeshamaliza nusu ya kazi ya kupokea msaada.

SEHEMU YA KWANZA: SAFARI

Tuanze kujiandaa lini?

Kwa Dar es Salaam, Tanga, Mtwara au Ruangwa, wiki sita kabla. Mwanza na Singida wiki tatu zinatosha. Tabora hata siku kumi.

Umbali si sababu pekee. Ratiba ya Bodi ya Ligi hubadilika, hasa timu moja ikiwa na mechi za Afrika (CAF), na mechi iliyopangwa Jumamosi inaweza kuangukia Jumatano. Kwa hiyo wiki za mwanzo ni za kuandikisha majina na kukusanya fedha kidogo kidogo, siyo za kulipia gari. Kishika nafasi cha gari kilipwe siku 10 hadi 14 kabla ya mechi, tarehe ikiwa imethibitishwa kwenye kurasa rasmi za Bodi au za klabu. Ukilipa mwezi mzima kabla halafu ratiba ikasogezwa, mwenye gari ana haki ya kukuambia siku hiyo gari lina kazi nyingine, na fedha yako imekwenda.

Safari huchukua muda gani?

Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ni 50. Ukijumlisha mizani, vizuizi, kula na kuchimba dawa, mwendo halisi ni kilomita 60 kwa saa. Tumia namba hiyo hata dereva akikuahidi vingine.

Kwenda Dar es Salaam kupitia Uvinza, Daraja la Kikwete pale Malagarasi, Kaliua, Urambo, Tabora, Itigi, Manyoni na Dodoma ni zaidi ya kilomita 1,200, yaani saa 20 hadi 22. Mechi ya Jumamosi saa 10 jioni inataka mwondoke Alhamisi alfajiri au mchana wake, mfike Ijumaa, mpumzike. Wanaoondoka Ijumaa jioni hufika Jumamosi hiyo hiyo ya mechi wakiwa wamevimba miguu, na pancha moja tu inatosha kuwafikisha kipindi cha pili.

Mwanza ni kupitia Kasulu, Kibondo, Kakonko na Nyakanazi, kisha Geita. Njia hii imekuwa na unafuu mkubwa tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kwa sababu foleni ya kivuko ilikuwa inakula muda ambao hakuna aliyeweza kuuhesabu.

Tabora ndiyo jirani. Mashujaa ikienda kucheza na TRA United, ile iliyokuwa Tabora United, pale Ali Hassan Mwinyi, ni mwendo wa saa saba. Wengi hujaribu kwenda na kurudi siku moja. Inawezekana, lakini mtaondoka saa 10 alfajiri na kurudi usiku kucha, kwa hiyo dereva wa pili ni lazima.

Tukodi basi au tupande treni?

Kwa watu 40 na zaidi, basi. Kwa watu chini ya 15, treni au mabasi ya kawaida, kwa sababu gharama ya kukodi haishuki sawasawa na idadi ya watu.

Treni ya reli ya kati ina raha yake. Unanyoosha miguu, unalala daraja la pili la vitanda, na barabara haikutishi. Tatizo ni kwamba haiondoki kila siku, kwa hiyo siku zake zikikataa kukutana na siku ya mechi hakuna la kufanya. Masika nayo ina lake: mafuriko ya kipande cha Kilosa hadi Gulwe yamekata reli hiyo mara nyingi, na treni ikizuiwa Dodoma, mechi haikungojei ufike uwanjani. Kati ya Machi na Mei usiweke tumaini lote kwenye treni.

Njia ya tatu ni kuchanganya: mnafika Dodoma kwa basi au treni ya zamani, kisha mnapanda ya reli mpya ya kisasa, SGR, hadi Dar es Salaam. Huduma hiyo ilianza kati ya Dodoma na Dar es Salaam Julai 2024, na nauli ya daraja la kawaida ilipangwa kuwa shilingi 31,000. Mambo mawili huwakwamisha watu hapa. Kituo cha SGR Dodoma si kile cha reli ya zamani, kwa hiyo acheni nafasi ya saa mbili nzima kati ya kufika na kuondoka. Pili, tiketi huandikwa jina na kitambulisho, hivyo huwezi kununua kumi halafu ukagawa kituoni kama kashata.

Ndege ipo. Mwenye uwezo anajua pa kukata tiketi.

Tunapigaje hesabu ya mchango wa kila mtu?

Kosa kubwa ni kugawa bei ya gari kwa idadi ya viti. Chukua mfano: basi la viti 50 limekodiwa kwa shilingi 5,000,000 kwenda na kurudi. Ukigawa kwa 50 unapata 100,000 kwa kichwa. Wiki ya safari wanane wanajitoa, mmoja kafiwa, mwingine hana ruhusa kazini, na wengine simu hazipatikani. Umebaki na watu 42 na pengo la shilingi 800,000, na pengo hilo hulipwa na viongozi mifukoni mwao au hulipwa na wote kwa ugomvi stendi.

Gawa kwa 42 tangu mwanzo. Inakuja 119,047, fanya 120,000. Wakijitoa wanane, umefika. Wakija wote 50, umekusanya 6,000,000 na una ziada ya milioni moja. Ziada hiyo iandikwe mapema matumizi yake: kwanza dharura ya njiani, na isipoguswa, inunue vifaa vya shule moja iliyokwisha kutajwa kwa jina. Watu hawalalamikii 20,000 ya juu wakijua inakokwenda. Hulalamika wanapoikuta imeyeyuka.

Fedha zikusanywe kwenye akaunti ya kikundi yenye waidhinishaji watatu, benki au kwenye simu kama M-Koba. Zisikae kwenye laini ya katibu, hata awe mwaminifu vipi, kwa sababu simu huibiwa.

Bei ya gari tunajuaje kama ni ya haki?

Anza na mafuta, maana ndiyo nusu ya gharama. Basi kubwa hula lita moja kwa kilomita tatu hivi. Kigoma hadi Dar es Salaam na kurudi, pamoja na mizunguko ya mjini, weka kilomita 2,600. Hiyo ni lita 870. Tukichukulia dizeli shilingi 3,000 kwa lita, mafuta peke yake ni 2,610,000. Mwenye gari anayekuambia 3,000,000 kila kitu ndani yake, ama hajapiga hesabu, ama atawadai nyongeza Manyoni.

EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Safari ikivuka tarehe hiyo, andikeni kwenye mkataba bei ikipanda nani anabeba.

Mkataba uwe na nini?

Uwe wa karatasi, hata ukurasa mmoja, wenye saini na namba ya gari. Usikose haya: mafuta ni juu ya nani; madereva ni wawili (safari inayozidi saa nane haiendeshwi na mtu mmoja); posho, malazi na chakula cha madereva na utingo ni vya nani; gari likiharibika, mwenye gari analeta jingine ndani ya muda gani; na mechi ikiahirishwa kabla ya kuondoka, kishika nafasi kinahamia tarehe mpya.

Halafu kuna kibali. Leseni ya basi ina njia yake. Basi la Kigoma–Mwanza haliingii Dar es Salaam na abiria wa kukodi bila kibali cha safari hiyo kutoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kukitafuta ni kazi ya mwenye gari, lakini nyinyi mkione kwa macho kabla ya kupakia. Gari likikamatwa Tabora au Dodoma, yeye atalipa faini na nyinyi mtasikiliza mpira kwenye redio.

Kwa nini kila mtu aambiwe abebe kitambulisho? Si tunakwenda kuangalia mpira tu?

Kwa sababu tunaishi mpakani. Kwenye barabara za kutoka Kigoma kuna vizuizi vya Uhamiaji, na abiria huulizwa. Kitambulisho cha NIDA ndicho bora. Aliye na namba ya NIDA bila kadi abebe namba hiyo pamoja na kadi ya mpiga kura au cheti cha kuzaliwa. Asiye na chochote anaweza kushushwa, na basi zima likasimama kumngoja.

Orodha ya abiria ichapwe nakala nne: ya dereva, ya kiongozi wa msafara, ya polisi wakiomba, na moja ibaki Kigoma kwa mtu asiyesafiri. Iwe na jina kamili, namba ya simu, na namba ya ndugu wa kupigiwa. Mwenye kisukari, kifafa au presha aandikwe pembeni, kwa ridhaa yake, na dawa zake azibebe mkononi. Zisiwekwe kwenye buti.

Tiketi za mechi tununue pamoja?

Mchango wa tiketi unaweza kuwa wa pamoja, tiketi hapana. Kwenye viwanja vinavyotumia N-Card, yaani kadi ya malipo ya kielektroniki, tiketi inaingizwa kwenye kadi, na kadi moja inapitisha mtu mmoja kwenye geti. Kila msafiri awe na kadi yake kabla ya kuondoka Kigoma, na jioni ya kuamkia safari kiongozi azikague moja moja kama anavyokagua vitambulisho. Kadi iliyosahaulika nyumbani Mwanga haikusaidii ukiwa uwanja wa Chamazi, Dar es Salaam.

Angalieni pia ukubwa wa uwanja. Benjamin Mkapa unabeba watu 60,000, mzunguko (majukwaa ya kawaida) haujai kirahisi isipokuwa dabi na mechi kubwa za CAF. Azam Complex, huo wa Chamazi, ni watu 10,000 hivi, na mkisubiri siku ya mechi mnaweza kuukuta umejaa. Mikoani, viwanja vingi havina uzio wa kutenganisha mashabiki, kwa hiyo kubalianeni mapema mtakaa upande upi na mkae pamoja.

Mechi ikiahirishwa tukiwa njiani?

Hutokea, na hata kwenye mechi kubwa kuliko zote. Tarehe 8 Machi 2025 dabi ya Yanga na Simba iliahirishwa siku yenyewe ya mchezo, watu wa mikoani wakiwa wameshaingia Dar es Salaam. Ilikuja kuchezwa tarehe 25 Juni. Hakuna anayemrudishia shabiki nauli.

Ndiyo maana fedha ya dharura isipungue asilimia kumi ya bajeti, na uamuzi ufanywe kabla ya safari: ikiahirishwa kwa siku moja tunasubiri, ikizidi tunarudi. Mkiamua hayo Dodoma saa nane usiku, kila siti itakuwa na maoni yake.

Nini kisipakiwe?

Mawese. Kila mwana Kigoma ana shangazi Mbagala anayengoja dumu, na hakuna kinachoharibu safari kama dumu la lita 20 lililofunguka kifuniko juu ya mabegi ya watu. Kama lazima, mwisho lita tano kwa mtu, kifuniko kifungwe kwa nailoni na mpira, dumu lisimame ndani ya ndoo. Dagaa wakavu na migebuka ya kukausha ni ruhusa wakiwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Harufu yao ikishaingia kwenye jezi haitoki.

Uwanjani msibebe chupa za aina yoyote, fataki, visu wala miavuli yenye ncha. Ngoma na tarumbeta, kiongozi apige simu kwa klabu mwenyeji siku mbili kabla.

Wanafunzi wanaruhusiwa?

Chini ya miaka 18, na mzazi au mlezi tu. Barua ya mzazi peke yake haitoshi kwa safari ya kulala nje siku tatu.

Mashabiki wa nje wakija Kigoma, tuna wajibu gani?

Fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini ya tarehe 25 Julai 2021 pale Lake Tanganyika, Simba 1 Yanga 0, bao la Taddeo Lwanga, ilionyesha mji mdogo ukipokea nchi nzima. Vitanda haviongezeki kwa sababu ya mechi. Tawi lenye akili huandika gesti zilizoko Mwanga, Gungu, Ujiji na Bangwe, bei zake na idadi ya vyumba, na kuwapa matawi ya wageni wiki mbili kabla. Ndipo nanyi mkienda kwao mnapokelewa.

SEHEMU YA PILI: WACHEZAJI KURUDISHA KWA JAMII

Mchezaji analazimika kusaidia?

Hapana. Kuna waliojipangia wenyewe: mchezaji wa Hispania Juan Mata mwaka 2017 alianzisha na wenzake Common Goal, ambapo mchezaji anatoa asilimia moja ya mshahara wake. Sadio Mané aligharamia hospitali kijijini kwao Bambali, Senegal, iliyofunguliwa 2021. Hapa kwetu Mbwana Samatta na msanii Ali Kiba walianzisha mechi ya hisani ya SamaKiba mwaka 2018.

Lakini hao ni watu wenye mishahara ya aina yake. Kijana wa miaka 21 anayecheza Ligi Kuu yetu, mara nyingi analea wadogo zake, na mshahara wenyewe unaweza kuchelewa. Kumbana hadharani, mbele ya simu zinazorekodi, ni kumdhulumu. Mwombeni muda wake kabla ya kumwomba fedha. Saa moja ya mazoezi na watoto haimgharimu kitu, na akiona mambo yamepangwa vizuri, mengine huja bila kuombwa.

Timu ikija Kigoma, tunampataje mchezaji atembelee shule?

Barua iende kwa klabu, siyo kwa mchezaji. Akiwa safarini yuko chini ya meneja wa timu na kocha, na hata akikubali mwenyewe hawezi kutoka hotelini. Andikeni wiki tatu kabla kwa katibu au mtendaji mkuu wa klabu, nakala kwa afisa habari. Ukurasa mmoja unatosha: shule gani, wanafunzi wangapi, umbali wa dakika ngapi kutoka hotelini, atafanya nini, kwa muda gani, nani anahusika na usalama.

Saa ndizo zinazowashinda wengi. Siku moja kabla ya mechi kuna mazoezi ya mwisho na kikao na waandishi. Siku ya mechi usiombe kabisa. Nafasi halisi ni asubuhi ya siku mbili kabla, kati ya saa 3 na saa 5, kama timu imeshafika, au asubuhi baada ya mechi kama hawawahi ndege. Ombeni dakika 60. Mkiomba nusu siku mtajibiwa hapana.

Upande wa shule, mkuu wa shule hana mamlaka peke yake. Pitieni kwa afisa elimu kata na ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri, na wazazi waarifiwe kuhusu kupigwa picha. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, ombi liende kwa mganga mfawidhi, na wagonjwa hawapigwi picha bila ridhaa yao wenyewe. Kambi ya wakimbizi, kama ya Nyarugusu, inahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Kibali hicho hakipatikani kwa siku tatu, msimwahidi mtu.

Tuombe vifaa gani?

Vitakavyotumika kesho yake asubuhi. Shule nyingi huletewa jezi seti moja na mipira miwili. Jezi zinafungiwa ofisini, mipira inaisha kabla ya muhula.

Watoto 30 wanataka mipira 10. Namba 3 ni ya watoto chini ya miaka minane, namba 4 ni miaka 8 hadi 12, namba 5 kuanzia hapo. Mpira namba 5 wa kanuni una mzunguko wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Ukiupima dukani ukakuta gramu 350, huo ni wa kuchezea sebuleni. Kwa viwanja vyetu vya changarawe chagueni mpira wa kushonwa wenye ngozi nene ya kutengenezwa, na kibofu cha ndani kiwe cha butili, maana kinashika upepo siku nyingi kuliko cha lateksi. Mpira wa kung'aa uliogundishwa kwa gundi ni mzuri kwa nyasi. Kwenye mawe ya Kasulu hubanduka ndani ya wiki chache.

Kila mipira 10 iende na pampu mbili na sindano 10. Sindano ndiyo inayokatika, na shule ikikosa sindano ya shilingi chache mipira yote inakuwa mawe. Ilowanishwe kwa mate au glisirini kidogo kabla ya kuingizwa, iingie wima. Ikiingia kavu na kwa upande inatoboa kibofu, halafu lawama zinakwenda kwa aliyeleta mpira. Upepo usizidi alama ya bar 1.1 kwenye kipimo. Kwenye uwanja mgumu 0.7 inatosha na mpira unadumu zaidi.

Kisha koni 20, vizibao 15 vya rangi moja, glavu jozi mbili, na filimbi mbili. Jezi ziwe za mwisho kwenye orodha.

Njumu tutajuaje saizi?

Msiombe "njumu jozi 25". Mtapewa namba 43 zote. Mtoto asimame kisigino kikigusa ukuta, weka karatasi, weka alama kwenye kidole kirefu, pima sentimita. Ongeza moja na nusu, zidisha kwa moja na nusu, unapata namba ya kiatu. Mguu wa sentimita 22: 22 na 1.5 ni 23.5, mara 1.5 ni 35 na ushee. Mpe 36, kwa sababu anakua. Andika orodha kwa idadi: namba 34 nne, namba 36 saba, na kuendelea. Njumu ziwe za plastiki ngumu zilizoungana na soli. Za chuma ni za nyasi zenye unyevu, na kwenye ardhi kavu huumiza visigino.

Magoli na nyavu?

Hapa ndipo fedha ya mchezaji hudumu, tukiulizwa maoni. Mpira huisha, goli lililojengwa vizuri huona vizazi.

Goli kamili ni mita 7.32 kwa 2.44. Mabomba ya chuma huuzwa ya mita sita, na matatu yanatosha goli moja. La kwanza likatwe katikati: milingoti miwili ya mita 3, ambapo 2.44 iko juu na sentimita 56 zimefukiwa kwenye zege. La pili ni mtambaapanya, yaani bomba la juu la goli, linaongezewa mita moja na nusu hivi kutoka la tatu. Maungio hayo yawe karibu na pembe, kamwe yasiwe katikati, na ndani yake upitishwe kipande cha bomba jembamba kabla ya kuchomelea. Maungio ya katikati hupinda mtoto wa kwanza akining'inia. Kipande kilichobaki cha la tatu ni mihimili ya nyuma ya kufungia wavu. Bomba lisizidi unene wa sentimita 12. Kwa shule za msingi, goli la mita 5 kwa 2 linawatosha.

Goli la kuhamishika lisiachwe bila kufungwa chini. Yakianguka yanaua, na hilo si la kutishia watu. Mifuko minne ya mchanga nyuma, au vigingi vya chuma, kila siku.

Nyavu msiagize Kariakoo. Kibirizi na Katonga kuna mafundi wanaofuma na kutengeneza nyavu za uvuvi kila asubuhi. Wape kamba ya milimita 3 au 4, tundu la sentimita 12, na vipimo vya goli.

Mchezaji yuko nje ya nchi anataka kutuma mzigo. Sawa?

Mshaurini atume fedha inunue hapa. Neno "msaada" halifuti ushuru bandarini. Msamaha huombwa kabla mzigo haujafika, una nyaraka zake, na huwa na jina la taasisi iliyosajiliwa. Nguo na viatu vya mitumba vina masharti yao. Mzigo usio na nyaraka unakaa, gharama za kuhifadhi zinapanda, mwisho gharama inazidi thamani ya njumu zenyewe. Akija likizo na begi lake la ziada, hiyo ni habari nyingine.

Kwa hiyo basi la mashabiki linaingiaje hapa?

Wiki mbili kabla ya safari, orodha ya shule (mipira, saizi za njumu) inatumwa kwa mchezaji au kwa tawi rafiki la Dar es Salaam. Vifaa vinanunuliwa, vinahesabiwa mbele ya watu watatu, vinafungwa kwenye viroba vyenye jina la shule. Mipira itolewe upepo. Mipira 10 iliyojaa inakula buti zima, iliyotolewa upepo inaingia kwenye kiroba kimoja. Mzigo upakiwe asubuhi ya kurudi, usilale kwenye basi.

Kumbukeni mizani. Mashabiki hurudi na manunuzi: redio, magodoro, matairi ya pikipiki. Basi likizidi uzito kwenye ekseli ya nyuma linatozwa, na kitakachoshushwa kwanza ni kile kisicho na mwenyewe, yaani viroba vya shule. Wekeni kikomo cha kilo 20 kwa abiria tangu siku ya kuandikisha.

Shuleni vifaa vipokelewe kwa kuandikwa kwenye leja ya vifaa, mkuu wa shule, mwalimu wa michezo na mwakilishi wa kamati ya shule wakitia saini. Picha ya ukurasa huo wa leja, kuliko picha ya watoto wamejipanga juani, ndiyo itumwe kwa mchezaji. Rudini baada ya miezi mitatu mkahesabu vilivyobaki, mmtumie pia. Mchezaji anayepata ripoti hiyo ya pili hutoa tena.

Tunataka mechi ya hisani na nyota wanne watano. Inawezekana?

Mwezi Juni au Julai, ligi ikiwa imesimama. Nje ya hapo klabu hazitoi ruhusa, maana mchezaji akiumia kwenye bonanza lenu klabu ndiyo inayokaa bila mtu. Kila mchezaji awe na ruhusa ya klabu yake kwa maandishi. Mnahitaji pia kibali cha chama cha soka cha mkoa, taarifa polisi, makubaliano na mwenye uwanja, na gari la wagonjwa uwanjani. Tangazeni kabla kwamba mapato yanakwenda wapi, na tangazeni baada ya hapo yalikuwa kiasi gani na gharama zilikuwa zipi. Mechi nyingi za hisani hazileti faida, kwa sababu nauli na hoteli za nyota zinakula kiingilio chote. Pata mfadhili wa gharama hizo kwanza. Usipompata, fanyeni mazoezi ya wazi na watoto na muachane na kiingilio.

Kuna mtu mtandaoni anasema ni meneja wa mchezaji fulani, anataka "ada ya kuthibitisha ziara".

Ni tapeli. Ziara za hisani hazina ada. Pigeni simu ofisi ya klabu kwa namba iliyoko kwenye ukurasa wake rasmi, siyo namba aliyowapa yeye, na kama ameshachukua fedha ya mtu, nendeni polisi na ujumbe wa muamala msiufute.